Reli ya Kuvuka Mpaka katika Afrika Mashariki

Reli ya kuvuka mpaka ni njia ya treni inayomchukua abiria kutoka mji wa nchi moja hadi mji wa nchi nyingine bila kumlazimu kutafuta usafiri mwingine njiani. Ulaya safari ya namna hii ni jambo la kila siku: Vienna na Bratislava hutenganishwa na mwendo wa saa moja hivi, na tangu 1994 Eurostar hupita chini ya bahari kati ya London na Paris. Mombasa ndiko ilikoanzia reli ya kwenda Uganda, lakini leo mkazi wa Mwakirunge, huko Kisauni, hana treni ya kumfikisha Kampala wala Moshi. Itambidi aende hadi kituo cha Miritini, ng'ambo ya pili ya hori la Tudor, apande treni ya Madaraka Express. Wa Moshi atashuka Voi, wa Kampala ataendelea hadi Nairobi, na wote wawili watamalizia safari kwa basi. Aghalabu watu husema kinachokosekana ni reli na fedha za kuijenga. Historia yaonyesha vingine: treni huvuka mpaka pale serikali za pande mbili zinapokubali kuiendesha njia kama kitu kimoja, na hukomea mpakani makubaliano hayo yanapovunjika, hata kama vyuma vingali vimelala chini.

Ushahidi wa kwanza ni reli ya Uganda yenyewe. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, ukafika Nairobi 1899 na Kisumu, kwenye Ziwa Viktoria, mwishoni mwa 1901. Wakati huo Kisumu ilikuwa ndani ya himaya ya Uganda. Mwaka 1902 Waingereza waliuondoa mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya jirani, iliyokuja kuwa Kenya, na njia nzima ikawa chini ya utawala mmoja: mpaka ndio uliosogezwa ili uifuate reli. Reli ilipofika Kampala 1931, kupitia Nakuru, Eldoret na Tororo, mpaka ulikuwa umeikata tena, ila sasa shirika moja lilisimamia vichwa vya treni, mabehewa na ratiba pande zote mbili. Upande wa kusini, njia ya kijeshi iliyojengwa kutoka Voi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ilipita Taveta na kuungana pale Kahe na reli ya Wajerumani iliyotoka Tanga hadi Moshi. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika, zote zenye upana wa mita moja, ziliwekwa chini ya shirika moja la reli na bandari.

Ushahidi wa pili ni kuvunjika kwake. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1967 ilisambaratika 1977, shirika la reli likagawanywa mafungu matatu, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Kilichopotea si daraja wala mataruma. Ni jibu la maswali ya nani atoe kichwa cha treni, nauli igawanywe vipi, na hasara aibebe nani. Treni za mizigo ziliendelea kuvuka mpaka wa Kenya na Uganda pale Malaba juu ya reli ileile, kwa hiyo njia ilikuwapo. Abiria ndiye aliyekosa mwenye dhamana ya safari yake.

Yupo atakayepinga kwamba umoja ule ulikuwa amri ya mkoloni, si makubaliano, na hauwezi kurudi. Hoja hii ina uzito, lakini reli ya TAZARA yaijibu. Njia hiyo ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970, na ni mali ya Tanzania na Zambia kwa hisa sawa. Imeteseka kwa uhaba wa vichwa vya treni na mtaji, na abiria wake wamevumilia mengi. Hata hivyo kwa miongo kadhaa treni zake zimevuka mpaka wa nchi hizo pale Tunduma na Nakonde, kwa sababu mamlaka moja ndiyo inayowajibika pande zote mbili.

Wengine husema basi latosha. Ni kweli kwamba mabasi ya Mombasa hupita Lunga Lunga hadi Tanga na Dar es Salaam, na reli ya pwani kwa pwani haijawahi kuwapo. Lakini Kampala iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mombasa, na treni moja hubeba abiria zaidi ya elfu moja. Isitoshe, basi lenyewe huvuka kwa nguvu ya makubaliano: bima inayotambuliwa nchi zote mbili, na vituo vya pamoja vya mpakani ambako abiria hukaguliwa mara moja.

Reli mpya haiondoi haja ya makubaliano. Reli ya kisasa ya Kenya (SGR) ilizinduliwa 2017 na kufikishwa karibu na Naivasha 2019. Ya Tanzania, inayotumia umeme, ilifika Dodoma 2024. Na mwaka huohuo Uganda ilitia saini mkataba wa ujenzi kutoka Malaba hadi Kampala. Zote zina upana wa milimita 1,435, lakini kulingana kwa vyuma hakutoshi. Daraja la Øresund, kati ya Copenhagen, Denmark, na Malmö, Sweden, lilifunguliwa 2000 na kuwafaa wafanyakazi wanaovuka kila siku. Sweden ilipoanza kudai vitambulisho Januari 2016, safari zilichelewa ingawa daraja lilikuwa lilelile. Afrika Mashariki ina pa kuanzia, kwani tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kusafiri kati ya nchi zao kwa kitambulisho cha taifa. Kilichobaki ni mkataba wa uendeshaji unaotaja mwenye treni, mahali pa ukaguzi na mgao wa nauli, nao wastahili kukamilika kabla reli mbili hazijakutana Malaba.