Ngoma za Karagwe na Mafundi Wake Wengi

Katika lugha nyingi za nchi za Maziwa Makuu neno moja hubeba mizigo miwili: hutaja ngoma ipigwayo, na hutaja ufalme wenyewe. Mtu aliyetawazwa husemwa kwamba ameila ngoma. Ndivyo ilivyokuwa pia Karagwe, ufalme wa Wanyambo uliotanda upande huu wa Mto Kagera, katika ardhi ambayo leo ni wilaya mbili za Mkoa wa Kagera: Karagwe, na Kyerwa iliyotengwa nayo mwaka 2012.

Lakini ngoma, hata iwe ya mfalme, si kazi ya mtu mmoja. Hukusanywa kutoka kwa wengi, na kila mmoja katika hao ana desturi yake, kipimo chake na faida yake. Waswahili walikwisha kuliona jambo hili zamani, wakasema kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hiyo kwa kawaida hutumiwa kuwasuta wachoyo. Ikitazamwa kwa makini hueleza pia namna ngoma inavyopata sauti, maana ngozi isiyovutwa na mikono mingi hulegea, na ngozi ivutwayo na mkono mmoja tu hukaa upande. Historia ya Karagwe inaonyesha mvutano huo ulivyopatanishwa, na hasara iliyofuata ulipokosa upatanisho.

Ngoma za nchi hizo kwa sehemu kubwa huchongwa katika gogo moja lililokombwa ndani, pana juu na jembamba chini. Huwambwa ngozi ya ng'ombe huku na huku, na ngozi hizo mbili huvutana kwa kamba za ngozi zilizopita ubavuni. Nchini Burundi mti unaopendelewa, yaani mringaringa, una jina lenye maana ya mti unaoifanya ngoma iseme. Mchongaji basi huchagua mti, na mfugaji hutoa ngozi. Mwambaji huilowesha ngozi hiyo, akaivuta na kuiacha ikauke. Kisha huja mpigaji. Huyo huisogeza ngoma karibu na moto kabla ya kuipiga, kwa kuwa unyevu wa usiku huilegeza ngozi na kuifanya sauti iwe nzito. Hakuna hata mmoja katika hao awezaye kuifanya kazi ya wote, na hakuna aandikaye kipimo chake. Mapatano yao yamo katika sikio, nalo sikio hufunzwa kwa miaka mingi.

Habari iliyo maarufu kuliko zote juu ya ngoma ya Karagwe iliandikwa na John Hanning Speke, aliyefika kwa Mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba 1861 pamoja na mwenzake James Augustus Grant. Rumanyika alimsimulia jinsi alivyoupata ufalme. Baba yake, Ndagara, alipofariki, wana watatu waliudai urithi: Rumanyika mwenyewe, Rogero na Nnanaji. Ndipo wakuu wa nchi walipoweka mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kwa umbo, lakini iliyosheheni dawa kiasi kwamba haikuweza kuinuliwa ila na yule aliyestahili. Wenzake walijitahidi wakashindwa, na Rumanyika akaiinua kwa kidole chake kidogo.

Wasomaji wengi wa kitabu cha Speke wameipita habari hii kama hadithi ya ajabu, na wengine wameicheka. Lakini neno lililo kubwa ndani yake ni kwamba ngoma ililetwa na wakuu wa nchi. Wao ndio walioitunza katika siku ambazo kiti hakikuwa na mwenyewe. Wao ndio walioujua uzito wake, na mbele yao ndipo ilipoinuliwa. Kwa maneno mengine, mtihani ule haukupima nguvu za kidole. Ulitangaza hadharani mapatano yaliyokwisha kufikiwa kati ya wale waliokuwa na haki ya kuigusa ngoma.

Na mapatano hayo hayakumridhisha kila mtu. Rogero alikataa hukumu, akachukua silaha, na vita vya ndugu vikaitikisa nchi. Rumanyika hakuokolewa na ngoma peke yake. Mfanyabiashara Musa Mzuri, aliyekuwa na mali yake Karagwe, alitoa pembe za ndovu kwa Kabaka Suna wa Buganda ili askari wa Buganda waje kumsaidia. Hata Speke alipokuwa mgeni wake, miaka kadhaa baadaye, Rumanyika alikuwa bado akimwomba dawa ya kummaliza ndugu yake. Ngoma iliyoinuliwa kwa kidole kidogo ilihitaji kuegemezwa kwa pembe za ndovu na mikuki ya jirani, na gharama yake ililipwa na watu ambao hawakuulizwa kitu: wakulima wa migomba na wachungaji waliopitiwa na majeshi.

Labda ndiyo sababu ufalme haukutegemea siku moja ya kutawazwa, bali uliyarudia mapatano yake kila mwezi. Speke aliishuhudia sherehe ya mwezi mwandamo. Mfalme alikaa amevikwa shanga kichwani, na manyoya mekundu yamesimama juu ya paji la uso. Mbele yake ziliwekwa ngoma 35, kila moja ikiwa na mpigaji wake. Zilipigwa pamoja kwa kishindo kikubwa, kisha wakuu wakatoka mmoja mmoja, wakiruka na kujitapa, wakaapa kwamba wakikimbia mbele ya adui wa mfalme na wakatwe shingo. Halafu walipiga magoti na kunyosha fimbo zao za kupigia ngoma, ili mfalme aziguse.

Ngoma 35 haziwezi kulingana kwa ukubwa wala kwa sauti, na hakuna aliyetaka zilingane. Kilichozifanya ziwe ngoma ya mfalme mmoja si mti wake wala ngozi yake, bali ni ule mguso wa fimbo. Mkuu aliyeinyosha fimbo yake alikuwa akikiri kwamba mkono upigao ni wake, lakini amri ya kupiga ni ya mwingine. Naye mfalme, kwa kuigusa, alikiri kwamba pasipo mikono ile hana sauti. Na kwa kuwa mapatano ya namna hii hulegea kama ngozi katika unyevu, yalisogezwa karibu na moto kila mwezi mpya.

Kando ya ngoma kulikuwako vyuma. Karagwe ilikuwa nchi ya wahunzi, na masimulizi humtaja Ndagara mwenyewe kuwa mfalme aliyeijua kazi ya nyundo. Miongoni mwa alama za ufalme zilizohifadhiwa Bweranyange, uliokuwa mji mkuu, mna sanamu za ng'ombe na fuawe zilizofuliwa kwa chuma, ambazo wataalamu wa historia na mambo ya kale wameziandikia sana. Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1876, aliingizwa katika nyumba ya hazina ya Rumanyika. Humo aliona sanamu za ndege na za ng'ombe za madini, mikuki ya chuma na vyombo vya mti vilivyochongwa kwa ustadi. Na pamoja navyo masinia ya shaba, zawadi za marafiki Waarabu, na bunduki aliyoiacha Speke. Hazina ile ilikuwa na mafundi kutoka nchi nyingi, ambao wengi wao hawakupata kuonana kamwe. Mfalme hakuona aibu kuweka kitu cha mgeni karibu na kitu cha baba yake. Aliona kwamba vyote vimekuwa vya Karagwe kwa kuwa vimekubaliwa Karagwe.

Ufalme huo ulidhoofika kwa tauni ya ng'ombe na kwa fitina za urithi, ukaingia chini ya Wajerumani, kisha chini ya Waingereza, hata mwaka 1963 Tanganyika huru ilipoufuta utawala wa machifu kwa sheria. Ngoma zikabaki, lakini fimbo hazikuwa na wa kuzigusa.

Wakati huo huo ngoma za namna nyingine zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa pwani walianza kuigiza bendi za askari wa Kizungu, wakachanganya ngoma na tarumbeta za kigeni na mashairi na mashindano ya kwao. Beni hiyo ilienea bara pamoja na askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Huko Marekani, katika miaka hiyo hiyo, ulikuwa ukizaliwa ule mkusanyo wa ngoma ambao leo hupigwa na mtu mmoja aliyeketi. Mkusanyo huo tangu mwanzo ulikuwa mchanganyiko: ngoma kubwa na ngoma ndogo kutoka kwa majeshi ya Ulaya, matoazi kutoka Uturuki, ambako jamaa ya Zildjian iliyafua tangu mwaka 1623, na ngoma za rangi zilizotoka kwa Wachina. Kanyagio la ngoma kubwa, lililotengenezwa na nyumba ya Ludwig mwaka 1909, ndilo lililouwezesha mguu mmoja kufanya kazi ya mtu mzima. Hakuna aliyeuliza kama toazi la Kituruki linapatana na ngoma ya Kichina. Vyote vilikutana hewani, na sikio likahukumu.

Hukumu hiyo ya sikio ilipata mpinzani ngoma zilipoingia katika umeme. Msingi wake uligunduliwa mwaka 1880 na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie: kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme kidogo. Fuwele ya namna hiyo ikiwekwa chini ya bamba, kila pigo hugeuka kuwa umeme unaopita katika waya hadi kwenye chombo, nacho chombo ndicho kitoacho sauti. Mwaka 1981 nyumba ya Simmons ya Uingereza ilitoa ngoma za umeme zenye mabamba ya pembe sita. Mwaka 1997 nyumba ya Roland ya Ujapani, ikishirikiana na nyumba ya Remo ya Marekani, ikaleta ngozi ya wavu isiyopiga kelele.

Hapa ndipo methali ya mwamba ngoma iliporudi kwa sura mpya. Watengenezaji wa vinanda vya umeme walikuwa wamekwisha kupatana mwaka 1983 juu ya lugha moja ya vyombo, iitwayo MIDI, ili kinanda cha mmoja kifahamiane na cha mwingine. Lakini mapatano hayo yalihusu mazungumzo ya chombo kwa chombo. Waya mfupi utokao kwenye bamba hadi kwenye chombo hawakuupatania. Baadhi yao waliweka fuwele mbili katika bamba moja, ya kati na ya ukingo. Wengine waliweka fuwele moja, na ukingoni wakaweka swichi. Toazi la umeme lenye sehemu tatu za kupigwa hupeleka habari zake zote kwa waya mmoja katika desturi ya nyumba hii, na kwa waya mbili katika desturi ya nyumba ile. Kanyagio la matoazi mawili hupimwa kwa njia ambayo si moja kwa wote. Na tangu mwaka 2016 yamekuwako mabamba yapelekayo habari zake kwa tarakimu, ambayo hayasikiki kabisa katika chombo kisichoijua lugha hiyo.

Kwa hiyo mpigaji akusanyaye bamba la nyumba moja na toazi la nyumba nyingine hukuta katikati pakiitikia na ukingo ukiwa kimya, au toazi likilia lakini likikataa kunyamazishwa kwa vidole. Vitu vyote ni vizima, ila kila fundi ameivuta ngozi upande wake. Dawa yake ni subira. Hana budi kujua ni fuwele au ni swichi, kukiambia chombo ni bamba la aina gani, kuongeza au kupunguza wepesi wake wa kusikia, na kuzuia pigo la bamba moja lisiamshe jirani yake. Asiyeijua kazi hiyo hulazimika kununua kila kitu kwa nyumba moja, nayo ni ghali. Basi mapatano yaliyokosekana huko viwandani hulipiwa na mpigaji wa mbali mwenye fedha chache, kama vita vya Rumanyika na Rogero vilivyolipiwa na watu wasioketi barazani.

Haifai kusema kwamba mambo haya mawili ni kitu kimoja. Ufalme ni maisha ya watu, na bamba la umeme ni chombo tu. Hata hivyo ulinganisho huu huirekebisha fikira iliyoenea, kwamba mambo ya kale yalikuwa safi na ya asili moja, na kwamba mchanganyiko ni ugonjwa wa siku hizi. Hazina ya Bweranyange ilikuwa mchanganyiko. Ngoma 35 za mwezi mwandamo zilikuwa mchanganyiko. Zilikuwa na kitu kimoja kisichoonekana kwa urahisi katika majumba ya makumbusho, nacho ni desturi inayojulikana na wote ya kukutana, kuapa na kuguswa fimbo.

Huko Murongo, mpakani mwa Kyerwa na Uganda, maji ya Kagera sasa huzungusha mitambo ya megawati 14, na umeme wake hugawanywa kati ya nchi mbili kwa mkataba. Mto ule uliokuwa mpaka wa falme umekuwa kitu cha ushirika, na haukuwa hivyo kwa sababu maji yake yalibadilika. Walioketi pande zake mbili walikubaliana nani apate kiasi gani, wakaandika. Wazee waziwambao ngoma kwa sikio hawakuandika, na ujuzi wao huondoka nao mmoja mmoja. Chuma cha Ndagara kitadumu chenyewe. Ngozi haitadumu, wala ile elimu ya kujua ni umbali gani na kwa muda gani ngoma iwekwe karibu na moto, isipokuwa patokee wa kuketi na wazee hao na kuwauliza wangali hai.