Popo wa Pemba: Mikarafuu, Bunduki na Ulinzi wa Wanakijiji

Popo mkubwa wa Pemba, mla matunda, hapatikani kwingine kokote duniani. Paul Matschie alimweleza kitaalamu mwaka 1909, lakini masaibu yake yalikuwa yamekwisha kuanza. Dhoruba ya 1872 iliangamiza mikarafuu mingi ya Unguja na kuifanya Pemba kuwa kitovu cha zao hilo; mashamba yakapanuka, misitu ikafyekwa. Msitu wa Ngezi ni sehemu tu ya kilichosalia.

Bunduki ya marisau ilizidisha hatari. Popo hao hulala mchana kwa makundi katika miti mirefu, hivyo mlio mmoja uliweza kuangusha kadhaa, ilhali jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Mwaka 1996 shirika la IUCN lilimworodhesha katika daraja la wanyama walio karibu kabisa kutoweka; mwaka 2008 akahamishiwa daraja lenye hatari ndogo zaidi.

Ni kosa kuihusisha nafuu hiyo na amri za serikali peke yake. Baadhi ya malalo yalikuwa makaburini, mahali ambapo heshima kwa wafu ilizuia shoka kabla ya mhifadhi yeyote kufika. Katika miaka ya 1990 ziliongezeka jumuiya za vijiji zilizohesabu popo na kukemea uwindaji. Kidike, wageni hulipa kiingilio kuwatazama. Mapato ya namna hiyo, hata hivyo, hayawafikii wanakijiji ambao malalo yao hayatembelewi na mtalii yeyote, na mti mrefu ukikatwa kwa mbao hulipa mara moja.