Plagi zifaazo injini yenye supachaja

SUPACHAJA ni pampu inayoendeshwa na injini yenyewe, aghalabu kwa mkanda, ili kusukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Hewa hiyo huongeza nguvu, lakini huzidisha pia joto na shinikizo. Ndiyo maana plagi za awali huenda zisifae injini iliyoongezewa kifaa hicho.

Jambo la kwanza ni kiwango cha joto. Plagi "baridi" huondoa joto haraka kwenye ncha yake. Ncha ikipata moto kupindukia, huwasha petroli kabla ya cheche kutokea, na pistoni yaweza kuyeyuka. Plagi baridi mno nayo hushika masizi. Mafundi wengi huanza na plagi iliyo baridi kwa daraja moja kuliko ya awali. Kwa NGK, nambari kubwa huashiria plagi baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume.

La pili ni mwanya. Shinikizo likipanda, cheche huhitaji volti nyingi zaidi ili kuruka, na mwanya mpana huifanya izimike. Mwanya wa milimita 1.1 huweza kupunguzwa hadi takriban 0.7. Ncha ya iridiamu isiguswe wakati wa kupima, kwani huvunjika upesi.

Gari lililoundwa kiwandani likiwa na supachaja lifuate kitabu chake.