Chuma Chakavu kama Hati ya Lugha

Jina la Mabatini, mtaa wa Jiji la Mwanza, limeundwa kwa nomino mabati na kiambishi cha mahali -ni. Chuma kimeingia katika lugha. Leo nitazungumzia maneno yaliyoandikwa juu ya chuma.

Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, ikaungana na usafiri wa Ziwa Viktoria. Tangu mwaka 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliendeshwa na shirika moja. Mwaka 1969 reli zilipewa shirika lake, nalo likavunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Kwa hiyo herufi za shirika zilizopigwa kwenye taa au kufuli hutuambia umri wa kifaa.

Mkusanyaji wa vifaa vya kale hulipia herufi hizo. Mnunuzi wa chuma chakavu hulipia kilo, na herufi huyeyukia tanuruni. Hasara hiyo inatuhusu sisi wanaisimu. Neno meli limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya barua za posta, shehena ya vyombo hivyo. Behewa lilikuwa sehemu ya nyumba kabla ya kuwa sehemu ya treni. Tiketi, ratiba na vibao vya onyo ni ushahidi wa mabadiliko ya namna hiyo.

Nairobi ilifungua makumbusho ya reli mwaka 1971. Nasi, kabla kifaa hakijauzwa, walau maandishi yake yanakiliwe, na mahali kilipopatikana pakumbukwe.