Mzee wa Bariadi na mgongo wangu

Ndugu msikilizaji mmoja ameniuliza kama wale wataalamu wanaonyoosha uti wa mgongo kwa mikono, ambao kazi yao huitwa kairopraktiki, wanaponya kweli au wanakula fedha za watu. Swali hilo nina deni nalo la siku nyingi.

Mimi mgongo ulinikamata Bariadi, msimu wa pamba wa mwaka 1986, Bariadi ilipokuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Nilijitia kusaidia kupakia magunia ya pamba kwenye lori, nami si mpakiaji. Gunia la tatu nililiinua, sikusimama tena. Nilibaki nimeinama kama mtu anayetafuta senti iliyomdondoka, na vijana wakacheka mpaka walipoona machozi.

Nilipewa aspirini nikaambiwa nilale. Siku ya tatu wenyeji wangu walinikokota hadi kwa mzee mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kurudisha viungo vilivyoteguka na kuunga mifupa iliyovunjika. Wasukuma humwita mganga nfumu, lakini huyu hakuwa na ramli wala hakudai kuku. Nilimwamkia "Mwangaluka", akaitika, kisha hakuutazama mgongo wangu. Aliniuliza maswali. Je, mwanangu, usiku unatoka jasho? Umekonda? Una homa? Miguu ina ganzi? Haja ndogo inatoka vizuri? Niliona ananichelewesha. Aliporidhika ndipo alipopaka samli, akapitisha kidole gumba kwenye pingili moja baada ya nyingine, akanikanda kwa muda, halafu akanizungusha kiuno ghafla. Kitu kililia ndani yangu kama kijiti kikavu. Nilirudi kwa miguu yangu mwenyewe.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hicho kama ushahidi. Siku hizi sithubutu. Maumivu ya mgongo yanayomshika mtu kwa ghafla mara nyingi hupungua yenyewe katika siku au wiki chache, na mimi nilikwenda kwa mzee siku ya tatu. Huenda aliniponya yeye, huenda siku ziliniponya, au huenda nilipoacha kuogopa ndipo nilipoweza kunyooka.

Usukumani ushindani wa waganga ni jambo la zamani. Vikundi viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, chimbuko lake ni waganga wawili walioshindana, na hadi leo mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Tusiwacheke. Kairopraktiki nayo ilianza kwa namna hiyo hiyo, kwa kisa kimoja na umati wa watu.

Mwaka 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa huko Marekani, bwana mmoja aitwaye D. D. Palmer, aliyewahi kuwa mwenye duka la vyakula kabla ya kugeuka mganga, alisukuma pingili ya mgongo wa Harvey Lillard, mfagizi wa jengo lile, ambaye alikuwa na uziwi. Palmer alitangaza kwamba masikio yamefunguka. Ajabu ni kwamba mshipa wa fahamu wa kusikia haupiti kwenye uti wa mgongo hata kidogo. Lakini Palmer hakurudi nyuma: akafungua shule, na baadaye akaandika kwamba magonjwa 95 katika kila 100 yanatokana na pingili zilizohama. Mwaka 1906 alifungwa jela kwa kutibu bila leseni.

Madaktari waliipiga vita kazi hiyo miaka mingi, na si kwa usafi wa moyo peke yake. Mwaka 1987 mahakama ya Marekani iliamua kwamba chama cha madaktari cha nchi hiyo kilivunja sheria ya ushindani wa biashara kwa kuwasusia watu wa kairopraktiki. Hata huko Uingereza, mwaka 1867, daktari mpasuaji James Paget aliwaonya wenzake kwamba waunga mifupa wa mitaani wanaponya baadhi ya watu walioshindikana kwao, na kwamba ni heri wajifunze kwa nini. Naupenda ujasiri wa Paget. Daktari kukiri hadharani kwamba mgonjwa wake amepona kwa jirani ni jambo gumu.

Sasa, wanaponya? Mwaka 1990 yalichapishwa Uingereza matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 741 wa mgongo, wengine wakipelekwa kwa kairopraktiki na wengine hospitali, kwa bahati nasibu. Wale wa kairopraktiki walipata nafuu zaidi. Lakini mwaka 2019 wataalamu walipokusanya chunguzi 47 zenye watu zaidi ya 9,000 wenye maumivu sugu ya kiuno, waliona kwamba kunyoosha mgongo kunasaidia kiasi kilekile kinachosaidiwa na tiba nyingine zinazokubalika, kama mazoezi. Mwishoni mwa 2023 Shirika la Afya Duniani liliitia tiba hiyo katika orodha ya zinazofaa kwa maumivu sugu ya kiuno, pamoja na mazoezi na kukandwa. Kwa hiyo, ndugu uliyeuliza, kwa kiuno ni msaada, tena wa kiasi. Kwa kisukari, pumu au uziwi, ukiambiwa mgongo ndio dawa, chukua kofia yako uondoke. Na yule kinyozi anayekusokota shingo mpaka ilie baada ya kukunyoa, mwambie ahsante, yatosha. Mshipa wa damu wa shingoni ukichanika, huleta kiharusi.

Lakini kilichonifanya niseme nina deni ni jambo jingine. Siku ile nilipokuwa nimekaa chini ya mti nikingoja kuondoka, alifika mfugaji na mwanawe wa miaka kama 12, amekonda, na katikati ya mgongo pametokeza nundu. Baba alikuja na mbuzi wa malipo. Mzee aligusa ile nundu kwa kidole kimoja, akauondoa mkono. Akasema, "Huyu si wa mikono yangu. Mpeleke hospitali, na mbuzi wako rudi naye." Baba alimsihi sana. Mzee akakasirika.

Baadaye sana ndipo nilipofahamu alichokigusa: kifua kikuu cha uti wa mgongo. Vijidudu hula pingili mpaka ziporomoke, na mtu akiusokota mgongo huo anaweza kumpoozesha mtoto siku hiyo hiyo. Dawa ilikuwepo. Tanzania ilikuwa na mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma tangu 1977, uliojengwa kwa msaada wa Karel Styblo, na ambao katika miaka ya tisini Shirika la Afya Duniani liliuchukua kuwa mfano kwa mataifa mengine. Nilipoondoka Bariadi mtoto yule alikuwa ameanzishiwa vidonge.

Palmer, pamoja na shule yake, asingemrudisha mtoto yule. Kwa hesabu yake ya 95 kwa 100, nundu ile ilikuwa kazi ya mikono. Warithi wake leo husoma miaka mingi, kwa mfano pale Durban, na sehemu kubwa ya masomo hayo ni kumtambua mgonjwa wa kumwacha. Yule mzee asiyejua kusoma alikuwa nalo somo hilo. Hakuna aliyeliandika.

Nilirudi Bariadi mwaka 2014, ikiwa tayari makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ulioundwa 2012. Mzee alikuwa amefariki. Mjukuu wake anafanya kazi ileile, na aliniambia anashughulikia kuandikishwa kwa mujibu wa sheria ya tiba asili ya 2002. Nikamwambia kiuno kinanisumbua kwa ajili ya safari ya basi. Akanikalisha. Akaniuliza kama usiku natoka jasho.