Sauti na Waliokuwapo: Safari ya Tamthilia ya Masikioni

Sikio halilali na njaa, walisema wazee wetu, na aghalabu walikusudia umbeya. Lakini methali hiyo yafaa pia kuwa muhtasari wa historia ya sanaa moja ambayo wapenzi wa ushairi, hasa sisi wa pwani tuliolelewa kwa tenzi za kughaniwa, tuna haki ya kuijua. Sanaa hiyo ni tamthilia ya sauti: mchezo unaosomwa na waigizaji walioshika karatasi mkononi, ukasikilizwa na watu walio mbali wasioliona jukwaa. Siku hizi viko vikundi vya maigizo vinavyoucheza mchezo wa namna hiyo ukumbini mbele ya watazamaji, vikaurekodi papo hapo, kisha vikaueneza kwa intaneti katika vipindi viitwavyo podikasti. Wengi hudhani kwamba hilo ni jambo la jana. Makala haya yanakusudia kuonyesha lilikotoka, na kuuliza ni kitu gani hasa zama zetu zimekiongeza.

Tuanze na mwaka 1922, katika mji wa Schenectady, jimbo la New York. Kampuni ya General Electric ilikuwa na kituo chake cha redio, WGY, na mwigizaji Edward H. Smith akapewa ruhusa ya kuwaleta wenziwe wa jukwaani wasome tamthilia nzima mbele ya kipaza sauti. Mwezi wa Agosti mwaka huo wakaicheza The Wolf, tamthilia ya Eugene Walter. Kikundi hicho kikajulikana kwa jina la WGY Players. Mchezo wenyewe ulikuwa umetungwa kwa ajili ya macho na masikio pamoja. Redioni ulimiminwa kama maji ya mtungi yamiminwavyo chupani, yakachukua umbo jipya bila ya kuulizwa.

Aliyetunga kwa ajili ya sikio tupu alikuwa kijana wa Kiingereza, Richard Hughes. Tarehe 15 Januari 1924 BBC ilitangaza mchezo wake mfupi uitwao Danger. Watu wamo ndani ya mgodi wa makaa ya mawe huko Wales. Taa zinazimika, na maji yanawajia. Hila ya Hughes ilikuwa nyepesi na ya ajabu: msikilizaji haoni kitu, na wahusika nao hawaoni kitu. Upungufu wa redio ukageuka kuwa ndio kisa chenyewe. Mshairi ataielewa hila hiyo upesi, kwani naye hufungwa na vina na mizani, na katika kifungo hicho ndimo anamozipatia nguvu beti zake.

Hata hivyo, sauti za usiku ule hatunazo. Wakati huo BBC haikuwa na desturi ya kurekodi vipindi vyake. Mchezo ulitamkwa, ukapita hewani, ukaisha. Kilichobaki ni karatasi.

Huko Marekani nako, kwa miaka mingi, kucheza papo hapo ilikuwa ni sheria. Kampuni kuu za utangazaji, NBC na CBS, zilivikataa vipindi vilivyorekodiwa. Na kwa kuwa saa za pwani ya mashariki na za magharibi hazilingani, mara nyingi waigizaji walilazimika kuurudia mchezo mzima usiku ule ule kwa ajili ya wasikilizaji wa upande wa pili. Mwigizaji akikohoa, nchi nzima ilisikia. Akikosea neno, halikurudi.

Katika hali hiyo ndipo kikundi cha Mercury Theatre kilipoingia redioni. Kilianzishwa New York mwaka 1937 na Orson Welles na John Houseman, na mchezo wake wa kwanza jukwaani ulikuwa Julius Caesar wa Shakespeare, uliochezwa kwa mavazi ya kisasa ili watazamaji wawaone madikteta wa Ulaya ya siku zile. Tamthilia hiyo ndiyo ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri, na tafsiri yake ikachapishwa mwaka 1963. Tarehe 11 Julai 1938 kikundi kilianza vipindi vyake katika CBS kwa kisa cha Dracula. Mwezi wa Septemba kikaileta Julius Caesar redioni, na kazi ya kusimulia akapewa H. V. Kaltenborn, mtangazaji wa habari aliyejulikana na kila nyumba. Hapo wasikilizaji walikisikia kisa cha Roma kwa sauti ile ile iliyowaletea habari za vita vilivyokuwa vikinukia Ulaya.

Wiki saba baadaye, tarehe 30 Oktoba, hila hiyo ya kuvisha kisa vazi la habari ilifika kileleni katika The War of the Worlds, kisa cha H. G. Wells kilichoandikwa upya na Howard Koch na kuhamishiwa New Jersey. Baadhi ya waliofungulia redio katikati ya mchezo walidhani kwamba nchi imevamiwa kweli. Magazeti yakaandika kwamba taifa zima lilishikwa na kiwewe. Wataalamu wa baadaye wameonyesha kuwa habari hizo zilitiwa chumvi nyingi. Lisilo na shaka ni tokeo lake: kikundi ambacho hakikuwa na mfadhili wa matangazo kilimpata. Kufikia Desemba 1938 kilikuwa kikitangaza kwa jina la The Campbell Playhouse, yaani jina la kampuni ya supu za makopo. Sauti ikawa imepata mlaji, na mlaji akaandikwa mlangoni.

Televisheni ilipokuja, wafadhili waliifuata. Tarehe 30 Septemba 1962 CBS ilitangaza kwa mara ya mwisho Suspense na Yours Truly, Johnny Dollar, na watu wengi wakaiandika siku hiyo kuwa ndiyo ya maziko ya tamthilia ya redio nchini Marekani. Maziko yalikuwa ya haraka. Huko Los Angeles, L.A. Theatre Works, iliyoasisiwa mwaka 1974, ilikuja kujitolea kuzirekodi tamthilia mbele ya watazamaji kwa ajili ya redio. Moto ukabaki majivuni.

Mwaka 2004 gazeti la Guardian la Uingereza lilichapisha makala ya Ben Hammersley yenye neno podcasting, na mwaka 2005 kampuni ya Apple ikatia vipindi vya namna hiyo katika programu yake ya iTunes. Mwaka huo huo wa 2005 waandishi wawili, Ben Acker na Ben Blacker, walianza kuonyesha huko Hollywood mchezo ulioitwa The Thrilling Adventure Hour. Mara moja kwa mwezi waigizaji walisimama mbele ya vipaza sauti, karatasi mkononi, kama walivyosimama wazee wao wa 1938, wakasoma vituko vya askari wa sayari ya Mars na vya mume na mke walevi waonao mizimu. Tangu mwaka 2011 michezo hiyo ikaenezwa kwa podikasti, na watu ambao hawakupata kukanyaga Los Angeles wakawa wasikilizaji wake. Maonyesho ya kila mwezi yalikoma mwaka 2015.

Jambo moja katika kazi hiyo lanivutia kama mwanahistoria wa kujifunza mwenyewe. Katikati ya visa waigizaji walisoma matangazo ya kahawa iitwayo WorkJuice, na wenyewe wakaitwa WorkJuice Players. Kahawa hiyo haikuwapo duniani. Ilikuwa ni mzaha. Mfadhili aliyeliteka jina la Mercury mwaka 1938 sasa amegeuzwa mhusika wa kuchekwa.

Tukiusikiliza mchezo huo leo, twasikia kitu kingine: ukumbi. Watu wanacheka kabla ya neno kutimia. Mara nyingine wanacheka na sisi hatujui sababu, kwa kuwa mwigizaji amefanya ishara tusiyoiona. Hiyo ndiyo nyongeza ninayoitafuta. Ni rekodi ya kinywa pamoja na masikio yaliyokipokea.

Tujipime kwa hilo. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, tunao kwa maandishi, na wanawake wa pwani wameughani kizazi baada ya kizazi; sauti ya mtungaji ilikwenda naye kaburini. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na sauti yake tunayo. Lakini wale waliomsikiliza Unguja, waliomtunza na kumwitikia, santuri haikuwabeba. Nusu ya taarabu imo katika watu waliokuwapo. Kadhalika utenzi: anayeghani hupandisha au hushusha sauti kwa kadiri baraza inavyonyamaza au inavyoguna.

Zana za kuihifadhi nusu hiyo sasa zimo mifukoni mwetu. Simu moja iliyowekwa juu ya mkeka yatosha. Lakini tusidanganyike na wepesi wake. Kilichowekwa kwenye intaneti hukaa huko maadamu yupo anayelipia nafasi yake. Siku malipo yakikatika, hupotea kimya kimya kuliko kitabu kilicholiwa na mchwa, kwani mchwa huacha makombo. Basi anayerekodi magani ya wazee na arekodi barazani, watu wakiwapo, asiwatoe ili apate kimya. Aandike kando tarehe, mahali, na jina la anayeghani kwa idhini yake. Kisha nakala moja aiweke kwake, na nyingine kwa jirani.