Sahihi Iliyotiwa Pasipo Idhini

Zamani wazee wetu wa Ubena walikopeshana mbele ya mashahidi. Leo mwenye viazi au mbao wa Njombe hukutana Makambako, penye njia panda ya Songea, Mbeya na Dar es Salaam, na watu asiowajua kabisa. Hapo sahihi katika hundi au hati ya deni husimama mahali pa mashahidi. Basi yatupasa kuuliza: sahihi ile ikiwa imetiwa na mwingine bila idhini, nani atakayelipa?

Waingereza waliandika jibu mwaka 1882, Bunge lao lilipokusanya maamuzi ya mahakimu ya siku nyingi kuwa sheria moja. Ilisema ya kuwa sahihi ya kughushi, au iliyotiwa pasipo idhini, si kitu. Haimpi mtu haki yo yote juu ya yule ambaye jina lake limetumiwa. Kanuni hiyo ilifika kwetu zamani za Tanganyika, na hata leo imo katika sheria za Tanzania, Sura 215. Kwa hiyo benki ikilipa kwa sahihi ya kughushi, hasara ni yake, wala si ya mwenye akiba.

Je, mwenye akiba aweza kulala usingizi? Hasha. Mwaka 1918 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua shauri la karani aliyempelekea bwana wake hundi ya pauni 2, mahali pa maneno pakiwa patupu. Bwana akatia sahihi kwa haraka. Karani akaijaza, ikawa pauni 120, akazichukua fedha. Nafasi ile iliachwa na bwana mwenyewe, basi hasara ikawa yake.

Shauri la pili limo katika vitabu vya sheria vya mwaka 1933. Mke alighushi sahihi ya mumewe, akatoa fedha zake benki. Mume alipojua alinyamaza miezi mingi, kwa kuwa mkewe alimsihi. Kisha mke akafa. Mume alipoidai benki alishindwa, kwa maana kimya chake kiliinyima benki nafasi ya kumshitaki mke alipokuwa hai.

Basi sisi, na hasa waweka hazina wa vyama vyetu, tusitie sahihi penye nafasi tupu. Na tukiona mkono wa mwingine chini ya jina letu, tuseme siku ile ile, hata ukiwa mkono wa mtoto wetu. Huruma inayonyamaza yaweza kuwa deni.